5H-MOG, ndege yetu iliyobaki Surrey

Pale uwanja wa ndege wa Embakasi, Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ndege za East African Airways tulizijua kwa herufi za ubavuni, kama mfugaji anavyowajua ng'ombe wake. 5Y ya Kenya, 5X ya Uganda, 5H ya Tanzania. Mimi nilikuwa mwanagenzi kutoka Tanga, na kipenzi changu kilikuwa 5H-MOG. Vijana wa Kampala na Kisumu walinitania kwamba naipangusa kuliko za kwao. Hawakusema uongo.

MOG ilikuwa Super VC10, yenye injini nne za Rolls-Royce Conway, zote zimepangwa mkiani. Ikianza kuruka, mazungumzo yalikatika; ulisubiri ipotee upande wa Athi ndipo umalizie ulichokuwa ukisema. Lakini kelele ile ilikuwa na kazi. Embakasi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi pamoja na joto la mchana huipunguzia ndege nguvu ya kuinuka. Injini zilipowekwa nyuma, bawa zima likabaki huru kubeba uzito. Waingereza waliiunda hasa kwa viwanja vya namna hiyo vya Afrika na Asia.

Shirika lilinunua tano. Moja, 5X-UVA, iliharibika na kuungua Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972, watu 43 wakafa. Wiki ile karakana yetu yenye makelele haikuwa na mtu wa kupiga hata mluzi.

Mwaka 1977 shirika likavunjika, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafuata. Nne zilizobaki zikarudi Uingereza, nasi tukarudi makwetu. Wengi tulizihesabu kuwa chuma chakavu.

Kumbe jeshi la anga la Uingereza lilizinunua, zikageuzwa kule Filton kuwa ndege za kujazia nyingine mafuta angani. MOG ikaitwa ZA150. Ilitumika hadi Septemba 2013, na tarehe 24 ya mwezi huo ikatua Dunsfold, Surrey, itunzwe na Makumbusho ya Brooklands. Hapo Brooklands ndipo ilipoundwa, ya mwisho kati ya VC10 zote 54. Kesho yake dada yake, 5H-MMT ya zamani, akaruka safari ya mwisho kabisa ya VC10 duniani. Ya mwisho kuundwa na ya mwisho kuruka, zote mbili za 5H. Vijana wa Kampala, mpo?

Mjukuu wangu amenionyesha kwenye simu wazee wa kujitolea wa Dunsfold wakiziwasha Conway. Nilitambua sauti kabla sijaona picha. Ndege iliyoegeshwa huharibika upesi kuliko inayoruka: aluminiamu hutoa unga mweupe wa kutu pale maji yanapotuama, mipira ya kuzuia mafuta hukauka na kupasuka, na tairi zisipozungushwa hubonyea upande mmoja. Kuiwasha na kuisogeza mara kwa mara ndiyo dawa, ingawa ni dawa ya gharama.

Wameiacha na rangi yake ya kijivu ya jeshi. Wenzangu wawili watatu wamekasirika, wangependa irudishiwe rangi za shirika letu. Mimi nasema iachwe. Kuirudisha tulivyoijua sisi kungetaka kung'oa mitambo ya miongo mitatu, na hapo ungekuwa umeharibu ndege moja ili utengeneze mfano wa nyingine. Miaka yake ya Embakasi haipo tena kwenye rangi. Ipo kwenye makaratasi, picha, sare na spana zilizotawanyika majumbani kutoka Entebbe hadi Tanga.

Basi kama baba yako au babu yako alifanya kazi pale, fungua lile sanduku kabla mchwa hawajalifungua. Andika majina nyuma ya picha wakati wenye kuwajua waliomo wangali hai, kisha uzipeleke kwenye nyaraka za taifa, Nairobi au Dar es Salaam.