Malkia wa Kilwa na Soko la Vitabu

Kilwa ni jina moja lenye miji mitatu. Kisiwani kuna magofu na makaburi. Masoko kuna ofisi za serikali na gati. Na Kivinje, katika pwani ya bara upande wa kaskazini, kuna nyumba kongwe za mawe ambazo milango yake imeona biashara nyingi, njema na mbaya. Fahari ya Kisiwani ilipofifia, Kivinje ndiyo iliyopokea misafara. Katika karne ya 19 pembe za ndovu zilishuka hapa kutoka nchi za Ziwa Nyasa, na pamoja nazo watumwa kwa maelfu, waliopakiwa majahazini kwenda Unguja na kupita Unguja. Karibu kila kitu kilikuwa na bei Kivinje, hata mtu. Utungo wa mwanamke haukuwa na bei. Neno hili si lawama kwa Kivinje peke yake, maana hapakuwa na bandari yo yote ya Waswahili, toka Lamu mpaka Lindi, ambamo utenzi uliuzwa kama iuzwavyo nguo.

Walakini wanawake waliandika, na Kilwa ina ushahidi wa jambo hilo ulio mkongwe kuliko wa miji mingi. Miongoni mwa maandiko ya Kiswahili ya kale kabisa yanayojulikana mna barua zilizoandikwa Kilwa mwaka wa 1711 kwa herufi za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Wenye barua hizo ni Mfalme Fatima, binti yake Mwana Nakisa, na ndugu wawili wa Fatima, Muhammad Yusufu na Ibrahim Yusufu. Katika watu wanne, wawili ni wanawake. Kama kalamu ilishikwa na mkono wa malkia mwenyewe au wa karani wake ni jambo dogo. Wafalme wanaume nao waliandikiwa na makarani, wala hakuna awanyimaye sifa ya barua zao.

Jambo kubwa ni mahali zilipo barua hizo. Hazimo Kilwa. Zimehifadhiwa Goa, katika Bara Hindi, kwa sababu Wareno walikuwa na desturi ya kutunza makaratasi ya utawala wao. Maneno ya Fatima yameokoka kwa kuwa yalimfikia mtu mwenye kabati. Nyimbo za arusi, mawaidha ya mama kwa binti, na beti zilizotungwa jioni barazani za ndani hazikuandikiwa gavana ye yote, na kwa hiyo hazikuwekwa katika kabati lo lote. Kumbukumbu ya watu ni ghala nzuri, lakini mlango wake hufungwa kila anapokufa mwenye ufunguo.

Mwaka ule ule wa 1711 Uingereza nayo ilitawaliwa na mwanamke, Malkia Anne. Sheria iliyoitwa kwa jina lake ilikuwa imeanza kazi mwaka mmoja nyuma, mwaka wa 1710, nayo ilimpa mtunzi haki ya kitabu chake kwa miaka 14, na miaka 14 mingine ikiwa angali hai. Katika London ya siku hizo Delarivier Manley, aliyekamatwa mwaka wa 1709 kwa sababu ya kitabu kilichowakejeli wakubwa, alishika uhariri wa gazeti la Examiner. Kabla yake Aphra Behn, aliyefariki mwaka wa 1689, alikuwa amekula mkate wa michezo na hadithi zake. Tena walikuwako wajane waliorithi mitambo ya chapa ya waume zao, wakaiendesha wenyewe, wakapiga chapa na kuuza. Mwanamke wa huko aliweza kuingia sokoni kwa mlango wa mtunzi au kwa mlango wa duka.

Msomaji mwenye haraka ataamua hapa kuwa Waingereza walitangulia na Waswahili walibaki nyuma. Naye ataamua vibaya. Sheria ya Uingereza ilimhesabu mke kuwa amemezwa na nafsi ya mumewe. Alichokichuma kwa kalamu kilikuwa cha mume, na hali hiyo haikuanza kutengenezwa mpaka sheria za mwaka wa 1870 na 1882. Charlotte Smith, aliyefariki mwaka wa 1806, alitengana na mumewe akalisha watoto wengi kwa riwaya zake. Hata hivyo mume aliyekuwa mbali bado alikuwa na haki ya kudai malipo ya riwaya hizo. Si ajabu kwamba Behn alikuwa mjane, na kwamba Jane Austen hakuolewa. Mwanamke wa Kilwa, kwa upande wake, alikuwa chini ya sheria ya Kiislamu, ambayo humwachia mke mali yake: mahari yake, nyumba yake, shamba lake na dhahabu yake. Mume hakuwa na njia ya halali ya kuvitwaa. Basi pwani ya Uingereza ilikuwa na soko la maneno, lakini mke hakuwa na mkoba. Pwani ya Waswahili ilimpa mke mkoba, lakini maneno hayakuwa na soko. Haki hiyo nayo isisifiwe kupita kiasi. Katika mali ya mwungwana wa Kivinje aghalabu walikuwamo wanawake wenziwe, waliotolewa bara kwa minyororo, na hao hawakuwa na mkoba wala jina la kutia chini ya barua.

Mfano wa mwandishi mmoja wa kila upande utaonyesha tofauti hii. Austen aliuza muswada wake mmoja mwaka wa 1803 kwa pauni 10; mnunuzi akauweka bila kuupiga chapa, na mwaka wa 1816 ukakombolewa kwa bei ile ile. Riwaya yake ya Pride and Prejudice aliiuza kwa pauni 110. Mwaka wa 1813 ilipigwa chapa mara mbili, na faida ya mara ya pili haikuwa yake tena. Jina lake halikuwamo katika vitabu vyake alipokuwa hai. Cha kwanza, cha mwaka wa 1811, kilisema tu kwamba kimetungwa na bibi mmoja. Mwana Kupona binti Msham wa Pate alitunga utenzi wake kwa ajili ya binti yake kadiri ya mwaka wa 1858, naye akafariki yapata miaka miwili baadaye. Hakupata hata pesa moja, wala hakuitazamia. Lakini jina lake halikufichwa. Watunzi wa tenzi walikuwa na desturi ya kutia jina na mwaka ndani ya beti zenyewe, hata mnakili akikata jina amekata utenzi. Desturi hii ilifanya kazi ya sheria bila ya sheria. Utenzi wa Mwana Kupona ulinakiliwa kwa mkono miaka mingi. Kitabu chake kilichohaririwa na Alice Werner na William Hichens kilitoka Uingereza mwaka wa 1934, katika soko ambalo mtungaji hakuliona.

Hata kunakili kulihitaji mkono uliofundishwa. Salme binti Said, aliyeitwa baadaye Emily Ruete, ameeleza katika kitabu chake kwamba wasichana wa jumba la Unguja walifundishwa kusoma lakini si kuandika. Yeye alijifunza kwa siri, akiiga herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kitabu hicho kilitoka Berlin mwaka wa 1886, kwa Kijerumani, wakati mwandishi alikuwa mjane katika nchi ya watu. Binti wa Unguja alipata wasomaji wa kununua maneno yake, lakini iliyouzwa haikuwa lugha ya mama yake wala ya Unguja.

Kitabu cha Kiswahili chenye jina la mwanamke dukani kimekuja karibuni. Penina Muhando alitoa Hatia mwaka wa 1972. Ndyanao Balisidya alitoa Shida na Martha Mvungi akatoa Hana Hatia mwaka wa 1975. Wote watatu walitoka bara na kupita katika shule. Pwani, iliyokuwa na wanawake wa kalamu kabla ya shule hizo kujengwa, ilichelewa, maana chapa ilifuata shule, na shule ya serikali au ya misheni haikuwa mahali ambapo wazee wengi wa pwani walipenda kumpeleka binti. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Elieshi Lema na Demere Kitunga walianzisha shirika lao la kuchapisha vitabu, E & D, katika Dar es Salaam. Ndio wajane wa London wamerudi, isipokuwa hawa hawakungoja mume afe.

Kutoka Dar es Salaam mpaka Kivinje ni kiasi cha kilomita 300, na barabara ni nzuri kuliko ilivyokuwa. Vitabu husafiri kwa basi pamoja na mizigo mingine, na aghalabu kinachofika ni kile kilichotiwa katika orodha ya mtihani. Kisichokuwa katika orodha hakina mnunuzi, awe mtungaji wake mwanamume au mwanamke. Msichana wa Kivinje anayetunga leo anajua kuandika, naye ana daftari, na mara nyingi ana simu. Beti zake huandikwa kwa kidole, zikatumwa kwa shoga mmoja, naye akazituma kwa wengine kumi. Zikifika Lindi jioni hiyo hiyo huwa zimeachana na jina lake, kwa sababu siku hizi ni wachache wanaolitia ndani ya ubeti wa mwisho.