Kiti cha Msailiwa

Msailiwa anapobisha hodi katika chumba cha usaili, huwa amekwisha kupita mengi ambayo wasaili hawayaoni. Mbuzi ameuzwa ili nauli ipatikane. Shati limepigwa pasi ya mkaa usiku, na vyeti vimetiwa katika bahasha ya kaki na kukumbatiwa kifuani ndani ya basi tangu alfajiri. Sisi ambao kwa miaka kadhaa tumekabidhiwa kazi ya kuajiri walimu na makarani wa shule ya jumuiya yetu, tumeketi upande wa wenye kuuliza; na kwa kuwa sisi pia ni wazazi, wanetu wamekalia kile kiti cha peke yake katika ofisi za watu wengine. Tunayoyasema hapa tumeyaona kutoka pande zote mbili za meza.

Wapo wanaodhani kumtuliza msailiwa ni hisani, ya kutolewa na mwenye moyo na kuachwa na mwenye haraka. Sisi tunaiona kuwa ni sehemu ya amana ya jopo. Aliyeingiwa na hofu hakuonyeshi ujuzi wake. Hukuonyesha hofu yake tu, nawe ukaiandikia alama. Jopo likitisha, hupita mwenye ulimi mwepesi, na mwenye kazi hurudi kwao na bahasha yake.

Tuliosoma kisa cha Nabii Musa (A.S.) katika Surat al-Qasas tunakumbuka jinsi alivyofika Madyan akiwa mkimbizi, hana kitu. Mzee aliyemwita nyumbani kwake hakuanza na masharti ya kazi. Alimsikiliza kwanza habari zake, akamwondolea hofu, na baada ya hapo ndipo yalipokuja mazungumzo ya ajira, miaka minane, au kumi kama mwenyewe angependa kuitimiza. Na binti aliyemsifu kwa nguvu na uaminifu alikwisha kumwona kisimani, akiwanyweshea mifugo.

Utulivu huanza kabla ya siku yenyewe. Barua ya wito ieleze usaili utachukua dakika ngapi, watakaouliza ni wangapi, na lugha itakayotumika. Hili la lugha ni zito kuliko linavyodhaniwa. Kijana wetu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza, kisha anakutana na jopo linaloanza kwa lugha moja na kumalizia kwa nyingine, naye hajui ajibu kwa ipi. Kama kazi yenyewe itafanywa kwa Kiswahili, aulizwe kwa Kiswahili. Saa nayo iheshimiwe: aliyeitwa saa mbili asubuhi akaingizwa saa nane mchana huingia akiwa nusu ya mtu, ana njaa, na pengine Adhuhuri imempita akiogopa kuondoka benchini asije akaitwa. Tumezoea sasa kuwagawia wasailiwa saa tofauti, na siku ya Ijumaa tunasimama mapema.

Chumba pia husema. Tuliwahi kuona, katika ofisi ambayo hatutaitaja, wasaili watano wamelipa dirisha mgongo, na kiti cha msailiwa kimewekwa mbali katikati ya sakafu kama cha mshitakiwa. Aliyeketi pale aliona vivuli vitano tu. Kukisogeza kiti hicho hakuhitaji bajeti. Glasi ya maji ni jambo jema, ila katika mwezi wa Ramadhani isisukumwe mbele ya mtu kwa kubembeleza. Na mwanamume asiwe wa kwanza kumnyooshea binti mkono, kwani wako ambao huanza usaili wao wote kwa kutafuta namna ya kukataa bila kuonekana wajeuri. Salamu ya mdomo na mkono uliowekwa kifuani zinatosha, na uso uliokunjuka unazidi vyote. Simu zizimwe. Anayeandika aseme mapema kwamba ataandika majibu ya kila mtu, maana kalamu ikikimbia ghafla, msailiwa hudhani amekosea.

Swali la kwanza liwe jepesi, juu ya jambo analolijua hakika: mahali alipofundisha, au alilolipenda katika masomo yake. Kisha aachiwe nafasi. Sekunde kumi za kimya huwakera wasaili, lakini mwenye kufikiri anazihitaji.

Baadhi yetu walihofia kwamba upole utaharibu kipimo. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani, Frank Schmidt na John Hunter, walipitia tafiti za miaka 85, wakaona kuwa maswali yaliyopangwa mapema na kuulizwa sawasawa kwa wote hubashiri utendaji wa mtu kazini vizuri kuliko mazungumzo ya papo kwa papo. Na kumpa mtu sehemu ya kazi yenyewe aifanye ni miongoni mwa vipimo bora kabisa. Mwalimu mmoja wa hisabati mbele yetu alikuwa akijibu neno mojamoja, jasho likimtoka. Tulimpa chaki, tukamwomba atufundishe sehemu kana kwamba sisi ni darasa la nne. Alichora chapati ubaoni, akaikata, na sauti ikarejea. Anafundisha shuleni kwetu hadi leo.

Mwenzetu mmoja bado anashikilia kwamba asiyeweza kustahimili jopo hataistahimili kazi. Hatukubaliani naye. Nesi asiyetetemeka mbele ya mama anayevuja damu anaweza kutetemeka mbele ya wazee watano wenye miwani, na sisi tunamtafuta wa kumhudumia yule mama.

Usaili haujaisha msailiwa anapofunga mlango. Nyumbani ataulizwa kila jioni, "Hawajapiga?", na ofisi nyingi hazipigi kamwe. Siku hizi tunamtajia kila mmoja tarehe ya majibu kabla hajainuka, kisha tunagawana majina na kuwapigia wote, waliopata na waliokosa. Kuwapigia waliokosa ni kazi ngumu, na hakuna anayeigombea. Mara ya mwisho binti mmoja alinyamaza kidogo, akashukuru, akauliza kama muhula ujao kutakuwa na nafasi nyingine. Tulimwambia ipo moja, ya Kiswahili, na tarehe yake.