Karurumo: Mikono ya kahawa na sumaku ya ubongo

UKITOKA Embu mjini ukashika njia ya upande wa Runyenjes, utafika Karurumo, katika eneo la Kyeni Kusini. Hii ni nchi ya miteremko ya Mlima Kenya: udongo mwekundu, migomba, mahindi na mibuni. Hapa kazi ni ya mikono miwili. Mmoja huvuta tawi, wa pili huchuma kahawa iliyoiva na kuiacha mbichi. Ndiyo sababu kiharusi kikimwangusha mkulima, si mwili wake tu unaopooza. Shamba nalo hupooza.

Karurumo ina sifa nyingine. Ni mojawapo ya vituo sita vilivyochaguliwa kuwafunza wahudumu wa afya ya vijijini, pamoja na Chulaimbo, Maragua, Mbale, Mosoriot na Tiwi. Basi si ajabu kuulizia hapa habari za tiba mpya.

Tiba yenyewe ni sumaku. Mwaka 1985, huko Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake waliweka koili ya nyaya juu ya kichwa cha mtu, wakapitisha umeme kwa ghafla, na vidole vikacheza bila mtu kutaka. Hakuna kisu wala sindano. Baadaye wataalamu wakawaza: baada ya kiharusi, upande mzima wa ubongo huenda unaugandamiza ule ulioumia. Je, tukiutuliza kwa sumaku, mkono hautaamka?

Matokeo hayajatosheleza. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 uliwalinganisha waliopewa sumaku ya kweli na waliopewa ya kuigiza. Makundi yote mawili yalipata nafuu karibu sawa. Lakini, msomaji, angalia jambo hili: wote walikuwa wakifanya mazoezi ya mkono.

Na mazoezi hayahitaji umeme. Mwaka 2006 utafiti mwingine wa Marekani, wenye wagonjwa 222, ulionyesha kwamba kuufunika mkono mzima na kuulazimisha ule dhaifu kufanya kazi kwa wiki mbili huleta nafuu, mradi vidole na kiwiko cha mkono bado vina uhai kidogo. Anayeamua ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, lakini kazi yenyewe imejaa nyumbani: kupukuchua mahindi, kuchambua maharagwe, kushika kikombe.

Hata hivyo kinga ni bora kuliko tiba. Presha ndiyo chanzo kikubwa cha kiharusi, na kuipima ni kazi ya dakika chache. Na ukiona uso wa mtu umekwenda upande, mkono umelegea au ulimi umekuwa mzito, usingoje kesho. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa kwa kawaida kabla ya saa 4 na nusu kupita, tena baada ya picha ya kichwa. Mpeleke hospitali kubwa mara moja, kahawa itangoja.