Igizo Lilipohamia Ndani ya Wimbo

Zamani kiingilio kimoja kilikupa kila kitu. Mama mdogo alikuwa akinichukua Temeke tukapanda basi hadi ukumbi wa Vijana, Kinondoni, na onyesho likaanza kwa ngoma: sindimba, kisha mcheza nyoka, kisha sarakasi. Kichekesho kikifuata, watu walicheka hadi wakashika mbavu. Halafu lilikuja igizo lenyewe, la mke mwenza, la mganga, la mjomba aliyetapeliwa mjini. Taarab ilikuwa ya mwisho, na ndiyo iliyowatoa akina mama nyumbani, maana nyimbo walishazijua kwenye kaseti na redio.

Makundi makubwa yalikuwa mawili. Muungano ya Norbert Chenga ilikuwepo tayari wakati Tanzania One Theatre, TOT, ilipoundwa mwaka 1992 chini ya Kapteni John Komba. TOT ikampata mwimbaji wa taarab Khadija Kopa kutoka Zanzibar. Muungano ikawa na Nasma Khamis “Kidogo”. Hapo pakawaka! Huyu akipasha, yule anajibu, na ukikosa onyesho moja hukuelewa la pili. Nyimbo zenyewe zikawa mchezo wa kuigiza unaoendelea, na wahusika wake walikuwa waimbaji wawili na mashabiki wao.

Nadhani hapo ndipo igizo la jukwaani lilipoanza kupungukiwa. Watu walikuwa wakipiga kelele taarab iletwe mapema. ITV ilipoanza mwaka 1994, michezo ikaingia sebuleni bila kiingilio, na waigizaji wakafuata kamera. Baadaye bendi zikasimama kwa taarab peke yake: East African Melody, Zanzibar Stars, kisha Jahazi ya Mzee Yusuf iliyojaza ukumbi wa Travertine, Magomeni. Ngoma na nyoka vikabaki nje. Hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu kuna watoto wa Mbagala ambao hawajawahi kuona sindimba ikichezwa na watu wanaoijua.

Lakini hadithi haikutoka ukumbini. Mtazame mwanamke anayekwenda kutuza. Anainuka ubeti unaomhusu ukifika, noti juu, anatembea taratibu, anapita kusudi mbele ya meza ya mbaya wake, anaimba kila neno akimwangalia usoni, ndipo anamtuza mwimbaji na kurudi kwa madaha. Ukumbi mzima umeelewa. London walipotengeneza igizo la muziki la *Mamma Mia!* mwaka 1999, iliwabidi watunge kisa cha kuunganisha nyimbo za ABBA. Kwetu visa vilitoka mtaani na watazamaji wakaja navyo.

Ninachotamani ni kuona vijana wa chuo cha sanaa cha TaSUBa, Bagamoyo, wakichukua ule ushindani wa Kopa na Nasma, nyimbo kwa majibu yake, wakaufanya onyesho kamili lenye ngoma, kichekesho na igizo, kisha waulete Temeke kabla ya kuupeleka kwingine. Na katikati ya viti waache njia pana, akina mama wapite kutuza.