Hati Niliyoiandika kwa Mkono Wangu

Katika miaka ya 1990 viwanda vingi vya umma viliuzwa nchini Tanzania, na mwaka 2018 na 2019 Serikali ikavitwaa tena kadhaa, kwa kuwa walionunua hawakutimiza masharti. Kila nisikiapo watu wa Musoma wakizungumza habari hizo, moyo wangu hurejea kwenye mashine moja ndogo ya kusaga nafaka, ambayo mauziano yake nayo yalivunjika, na sehemu ya kosa ilikuwa yangu.

Mwaka 1996, pale Bunda, marehemu baba yangu aliiuza mashine hiyo pamoja na injini yake ya dizeli kwa ndugu wawili wa Butiama, nao wakaihamishia kwao. Bei ilikuwa shilingi 1,200,000, kulipwa kwa mafungu manne. Elimu yangu ilikuwa chuo na shule ya msingi tu, lakini nilisifiwa kwa mwandiko, basi nikaitwa kuandika hati. Mwenyezi Mungu ametuamuru katika Suratul Bakara, aya ya 282, tuyaandike madeni yetu. Nami sikutosheka na kuandika. Nikaongeza sharti kwa akili yangu mwenyewe: wakikosa kulipa, mashine itarudi, na fedha waliyokwisha kuitoa haitarudi. Nikajiona hodari kweli kweli.

Walilipa mara mbili. Kisha ukaja ukame wa 1997. Mtama na mahindi vikakauka mashambani, na mashine isiyo na cha kusaga ni chuma tu. Baba akawapa muda, kwani aya ya 280 ya sura ile ile yamtaka mdai amngoje mdaiwa aliye katika dhiki. Mwisho wa mwaka zikaja mvua za El Niño, na hali haikuwa nyepesi zaidi. Hata mwaka 1998 wakaja nyumbani wenyewe, wakasema, "Mzee, tumeshindwa. Chukua mashine yako."

Baba akatoa hati. "Na fedha iliyolipwa ni yangu. Mwanangu ameandika."

Yule mkubwa akainamisha kichwa. Mdogo wake ndiye aliyeomba twende Musoma kwa sheikh.

Sheikh aliisoma hati mara mbili, kisha akaniuliza mimi, si baba: "Mwalimu, sharti hili umelisoma katika kitabu gani?" Sikuwa na jibu. Akatueleza kwamba kuvunja mauziano kwa ridhaa ya pande mbili huitwa ikala, na Mtume (s.a.w.) amemsifu amkubaliaye mwenziwe jambo hilo, lakini mali ikirudi kwa muuzaji, fedha nayo hurudi kwa mnunuzi. Wako Mahanbali walioruhusu muuzaji abaki na arbuni. Wanazuoni wetu wa Shafii hawakuruhusu.

Baba alikasirika. "Na muda wote waliosagia? Hiyo si kodi?"

"Mzee wangu, kama mashine ingeungua kule Butiama, hasara ingekuwa ya nani?"

"Yao."

"Basi na pato lake ni lao."

Baba akanyamaza kitambo kirefu. Zile shilingi 600,000 hazikuwapo tena; ndizo zilizomwoza dada yangu, na mimi nilikula pilau yake. Ikawa mdai amegeuka mdaiwa, naye akawaomba muda wale wale aliokuwa akiwadai. Wakampa, na wala hawakuuliza ni muda gani. Nikaandika hati ya pili, mistari mitano, pasipo neno la kwangu hata moja.

Alilipa shilingi 50,000 kila alipopata, mara kumi na mbili, na mara nyingi mimi ndiye niliyezipeleka Butiama. Siku ya fungu la mwisho yule mdogo alizihesabu, akanitaka niandike "imekwisha," kisha akaniuliza kama mashine bado yasaga vizuri. Nikamwambia yasaga, ila mkanda umechakaa. Akaingia ndani, akatoka na mkanda wa akiba walioununua zamani, akanipa.

Hati ya kwanza ningali nayo. Tufikapo mlango wa biashara huwaonyesha wanafunzi wangu, nao wakilisoma lile sharti hucheka, nami huwaacha wacheke.