Mwenye Amri na Mwenye Elimu

Wazee walinena kwamba mgonjwa haulizwi uji. Neno hili nililisikia tangu utoto wangu hapa Cheptais, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, lakini sikulielewa mpaka nilipoingia chuo cha ualimu.

Siku moja mkufunzi wetu alituuliza, "Je, dawa ya minyoo itolewe shuleni bure, au mzazi alipe kidogo?" Niliinuka upesi nikajibu kwamba heri alipe, maana kitu cha bure hakithaminiwi. Wenzangu wakanipigia makofi. Mkufunzi hakunikemea, alitusimulia tu habari za jirani zetu wa Busia.

Mnamo mwaka 1998 wataalamu wawili, Michael Kremer na Edward Miguel, walianza kuchunguza habari za minyoo katika shule 75 za msingi za huko. Mwaka 2004 waliandika kwamba dawa ilipunguza siku za kukosa masomo kwa kadiri ya robo. Tena, mwaka 2001, baadhi ya shule zilitakiwa kuchangia gharama. Ada ilikuwa ndogo sana. Hata hivyo, palipotolewa dawa bure walitibiwa watoto kama 75 katika kila 100. Palipotozwa ada hawakufika 20.

Nikaketi kimya. Nilimkumbuka mama yangu, aliyekesha na mdogo wangu mwenye homa, akingoja siku ya soko auze viazi apate fedha za matibabu. Je, mama hakuithamini dawa? Aliithamini mno, ila mkono ulikuwa mtupu. Nami nilikuwa nimemhukumu mbele ya darasa zima. Ndipo nilipolielewa neno la wazee.

Hoja yangu ilikuwa pia hoja ya wenye amri. Tangu mwaka 1989 Serikali ya Kenya ilikuwa imeagiza wagonjwa wachangie gharama, kwa kuwa hazina ilipungukiwa. Hoja kama hiyo yataka kupimwa, na kipimo chake hakipatikani ofisini. Mwaka 2009 serikali ilitoa dawa ya minyoo bure kwa watoto zaidi ya milioni 3 mashuleni. Na tarehe 1 Juni 2013 ada zilifutwa katika zahanati na vituo vya afya vya serikali.

Usidhani wenye elimu hawakosoani. Mwaka 2015 wengine waliirudia hesabu ile ya mahudhurio, wakaipinga sehemu yake. Hilo si aibu; ndiyo njia ya elimu.

Leo mimi ni mwalimu, na siku ya dawa huwagawia watoto vidonge nikiwaita majina kwa daftari. Kila jina hunikumbusha jibu langu la chuoni. Nawe, kijana, huenda kesho ukapewa amri, au elimu, au vyote viwili. Kabla hujanena juu ya maskini, nenda kwanza ukamwulize na kumhesabu. Na kabla hujamhesabu, mkumbuke mama yako.