Si Madumu ya Maji

Nilipokuwa mwalimu kijana, mke wangu, mwenye mimba ya miezi saba, aliniambia kwamba kichwa kinamuuma na macho yanaona ukungu. Nikamjibu kwamba ni uchovu, alale. Miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu vilimkataa. Hilo nalo nikaliona la kawaida. Siku ya tatu alianguka jikoni, akatetemeka mwili mzima. Mkunga alikitambua mara moja: kifafa cha mimba. Mama alipona, mtoto hatukumpata.

Kilio kilipokwisha, maneno yakaanza. Wengine walisema amerogwa, wengine kwamba alibeba mno madumu ya maji. Mimi nilinyamaza, na ukimya wangu ukamwumiza kuliko maneno yao.

Miaka mingi baadaye, nikitayarisha somo la biolojia kwa wanafunzi wa ualimu, nilisoma habari za kondo la nyuma. Mwilini mwetu chembe hufa kila siku kwa utaratibu, bila kuzidhuru zilizo jirani. Mwaka 1972 wataalamu watatu, Kerr, Wyllie na Currie, walikipa kifo hicho jina la Kigiriki, apoptosi, lenye maana ya kupukutika kama majani ya mti. Katika mimba kifo hicho ni cha lazima. Chembe za kondo hupenya ukuta wa tumbo la uzazi. Misuli ya mishipa midogo ya mama hufa na kuondoka, mishipa ikapanuka, damu ikamfikia mtoto kwa wingi na kwa upole.

Lakini mara nyingine chembe za kondo zenyewe hufa mapema, au hazipenyi vya kutosha. Mishipa hubaki myembamba. Kondo likikosa damu, chembe zake hufa kwa wingi na bila utaratibu, zikimwaga mabaki yake katika damu ya mama. Mabaki hayo, pamoja na protini zinazotoka katika kondo lililoumia, hujeruhi utando wa mishipa mwilini mwake mote: tansio hupanda, figo huvujisha protini, ubongo huumia. Dalili huonekana baada ya juma la 20, ingawa mara nyingi uharibifu ulianza kabla watu hawajajua kwamba ana mimba.

Nilimsomea mke wangu ukurasa ule. Akauliza: «Basi si madumu?»

«Si madumu, mama.»

Alilia kwa muda mrefu. Zile siku tatu, hata hivyo, ni zangu. Hakuna kitabu kitakachoniondolea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002, juu ya wanawake zaidi ya 10,000, ulionyesha kwamba sulfati ya magnesi hupunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu. Lakini dawa humfaa aliyefika, na tansio ya 140 kwa 90 haijulikani bila kupimwa.

Binti yetu alipopata mimba, mama yake alimpeleka kliniki mwenyewe kila mara. Nami niliwafuata nyuma, nikibeba karatasi zake.